Kipoza Kikubwa Juu ya RAM Ndefu: Kisa cha Kompyuta ya Mhariri wa Video, River Road

Kompyuta hiyo ililetwa kwangu ikiwa imevuliwa kioo cha ubavuni, na kioo chenyewe kimezungushiwa gazeti na kubebwa kando. Mwenyewe ni mhariri wa video mwenye studio ndogo katika ghorofa ya tatu, River Road, jijini Nairobi. Kazi yake kubwa ni harusi na ruracio (sherehe ya mahari): sherehe ya siku nzima iliyonaswa kwa kamera tatu, ambayo yeye huikata na kuipanga hadi ikawa filamu ya saa mbili. "Fundi, inajizima nikiwa karibu kumaliza kutoa kazi," aliniambia. "Niliambiwa ni joto, nikamwomba binamu yangu aniletee kipoza kikubwa kabisa kutoka Dubai. Kimefungwa, na bado inajizima. Tena sasa haifungiki."

Nilimwuliza aliyekifunga alisema nini kuhusu kioo. Alijibu kwamba aliambiwa aiache wazi, eti ndivyo itakavyopata hewa vizuri. Ushauri huo haumfai mtu ambaye dirisha lake linatazama barabara ambamo matatu zinapita na kufuka moshi kuanzia alfajiri hadi usiku, na vumbi la wiki sita lililokuwa limetanda juu ya kadi ya picha lilitosha kuwa ushahidi.

Vifaa vyenyewe vilikuwa hivi. Prosesa ni Ryzen 9 5900X ya AMD, yenye viini 12, ambayo imeandikwa wati 105 lakini huruhusiwa kuvuta hadi wati 142 kupitia soketi pale viini vyote vinapofanya kazi kwa pamoja, kama inavyotokea wakati wa kutoa video, yaani kuigeuza kazi iliyohaririwa kuwa faili la mwisho. Prosesa hiyo huuzwa bila kipoza ndani ya boksi, kwa hiyo kila mnunuzi analazimika kujitafutia chake. Kipoza kilicholetwa ni Noctua NH-D15, chenye minara miwili ya mapezi ya alumini, mirija sita ya shaba, na feni mbili za milimita 140, moja mbele ya mnara wa kwanza na nyingine katikati ya minara. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ni vijiti vinne vya G.Skill Trident Z RGB, kila kimoja cha GB 16, vyenye utepe wa taa za rangi juu na kimo cha milimita 44. Kasha lake, kwa mujibu wa maelezo ya aliyelitengeneza, linapokea kipoza chenye kimo kisichozidi milimita 168.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote niliiwasha. Jambo la kwanza lililoniamsha halikuwa joto hata kidogo: mfumo ulisoma GB 48 za RAM badala ya 64. Kijiti kimoja hakikuonekana. Nikaanzisha kazi ya kutoa video kwa nusu saa huku nikitazama vipimo, na joto la prosesa likasimama kwenye digrii 79. Kikomo cha prosesa hiyo ni digrii 90, na hata ikifika hapo huanza kwa kupunguza kasi yake yenyewe, si kuzima ghafla. Kwa hiyo nilikuwa na mashine isiyoungua, iliyopoteza robo ya kumbukumbu yake, na ambayo ilikuwa ikijizima katikati ya kazi nzito. Kufikia hapo nilikuwa tayari nimeacha kushuku joto.

Niliilaza kompyuta ubavu na kumulika kwa tochi. Feni ya mbele ilikuwa imekalia vijiti vya RAM kama mtu aliyekalia ukingo wa ukuta. Waya wa kuishikilia ulikuwa umenasa kwenye mapezi upande mmoja tu. Upande wa pili aliyeifunga alishindwa kuufikisha, akatumia kamba ya plastiki akaikaza kwa nguvu. Fremu ya feni ilikuwa imechora mkwaruzo mweupe kwenye utepe wa taa wa kijiti cha pili kutoka kwenye prosesa, na kijiti hicho kilikuwa kimeinama kidogo kuelekea nje. Kibano cha nafasi yake, yaani tundu ambamo kijiti huchomekwa, hakikuwa kimefunga. Kwenye ncha moja ya kijiti niliweza kuona mstari mwembamba wa meno yake ya dhahabu, meno ambayo yangepaswa kuzama yote ndani ya nafasi. Kila feni ilipotetemeka, kijiti kilitetemeka nayo. Mara nyingine kilisomwa, mara nyingine hakikusomwa, na kilipopoteza mguso katikati ya kazi, mashine ilizima.

Ni lazima kueleza ni kwa nini feni ilifika hapo, kwa sababu aliyeifunga hakuwa mzembe wa kawaida. Alikuwa amekwama kati ya vipimo visivyokubaliana.

Kwenye ubao mama wa soketi ya AM4, ambayo ndiyo ya prosesa hii, nafasi za RAM ziko pembeni kabisa mwa prosesa, upande ule ule ambao hewa huingilia. Kipoza chenye mnara mmoja mwembamba huishia kabla ya kuzifikia. Kipoza chenye minara miwili hakiwezi kuishia hapo: NH-D15 ikiwa na feni zake zote mbili ina kina cha milimita 161, na kwa kuwa feni ya mbele iko upande wa RAM, zaidi ya nusu ya kina hicho inaelekea huko kutoka katikati ya prosesa, na katika mashine hii nafasi zote nne zilikuwa chini ya kivuli chake. Mtengenezaji analijua hilo na analiandika wazi: chini ya feni ya mbele, ikiwa imekaa mahali pake pa kawaida, pana nafasi ya RAM yenye kimo cha milimita 32. Kijiti cha DDR4, aina ya RAM iliyo kwenye mashine hii, kisicho na vazi lolote kina kimo cha milimita 31 na kidogo, kwa hiyo kijiti cha kawaida kinapita. Cha milimita 44 hakipiti. Kinazidi kwa milimita 12.

Wengi hujibu kwamba feni si imebanwa kwa waya tu, basi ipandishwe juu. Ni kweli inapandishika. Lakini kimo cha milimita 165 kilichoandikwa kwenye boksi la kipoza hiki kinahesabu feni ikiwa mahali pake pa kawaida. Ukiipandisha milimita 12, kimo halisi ndani ya kasha kinakuwa milimita 177. Kasha letu linaishia 168. Aliyetangulia alipandisha hadi kioo kikagoma, akashusha hadi RAM ikagoma, kisha akachagua kuibana feni juu ya RAM na kioo akakivua, akawa ameshindwa pande zote mbili. Hapo ndipo ninapowasihi wanaonunua vipoza wasisome kimo cha kipoza peke yake. Vipimo vinavyotakiwa ni vitatu na husomwa pamoja: kimo cha RAM, nafasi iliyopo chini ya feni, na kimo ambacho kasha linaruhusu. Tofauti ya viwili vya kwanza huongezwa kwenye kimo cha kipoza, na jumla ndiyo inayolinganishwa na kasha.

Mteja wangu aliketi nami tukapitia njia zilizokuwepo, na nitazieleza kwa uzito tuliozipa, kwa kuwa baadhi zilichukua dakika moja na nyingine zilituchukua mchana mzima.

Njia ya kuvua mavazi ya RAM ili vijiti viwe vifupi niliikataa hapo hapo. Mavazi hayo yamegandishwa kwa gundi juu ya chipu za kumbukumbu, na anayeyabandua kwa nguvu anaweza kung'oa chipu pamoja nayo. Ni kweli kwamba DDR4 inayofanya kazi kwa volti 1.2 hadi 1.35 haitoi joto kubwa la kuhitaji vazi refu namna ile, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya kimo hicho ni pambo. Lakini pambo lililogandishwa kwenye kifaa cha bei hiyo ni la kuachwa lilivyo.

Kuuza vijiti na kununua vifupi kulikuwa na mantiki, ila angepoteza fedha kwenye RAM nzima isiyo na kasoro. Akasema tuiweke akiba.

Kubadilisha kipoza tulikujadili kwa kirefu. Noctua wana NH-U12A, yenye kimo cha milimita 158 na feni mbili za milimita 120, ambayo kwenye AM4 haivuki hata nafasi moja ya RAM. Kama angekuja kwangu kabla binamu yake hajapanda ndege, huenda ningemwelekeza huko. Wanayo pia NH-D15S, ambayo ni kama ndugu wa hii aliyesogezwa minara yake mbali na kadi ya picha na kupewa feni moja ya katikati, ikiwa na kimo cha milimita 160. Kwa mfuko mwepesi ipo Thermalright Peerless Assassin 120 SE, ya milimita 155, ambayo ndani ya kasha la 168 inakuachia milimita 13 za kupandishia feni ya mbele. Lakini kipoza kilichotoka Dubai kwenye sanduku la binamu hakirudishiki dukani, na kumwambia mtu anunue kipoza cha pili ilhali cha kwanza ni miongoni mwa vipoza bora vya hewa vilivyowahi kutengenezwa kulinipa uzito moyoni.

Aliuliza pia kuhusu kipoza cha maji, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba hakigusi RAM. Kwenye soketi hakigusi, ni kweli. Pampu ni kidude kifupi. Lakini rejeta yake, sehemu ambamo maji hupozwa, lazima ikae mahali, na wengi huiweka kwenye dari ya kasha. Rejeta ya kawaida ina unene wa milimita 27 na feni zake milimita 25, jumla milimita 52 zinazoning'inia kutoka juu, na katika kasha la ukubwa wa wastani hizo hukutana na RAM ndefu upande wa pili. Ugomvi ni ule ule, umehamia tu mahali pengine. Ingewezekana kuiweka mbele, ila ni gharama mpya, na pampu ni kitu kinachozunguka na siku moja huchoka.

Tukabaki na kipoza kilichopo. Mtengenezaji anasema kwamba feni ya mbele ikiondolewa, nafasi ya RAM inaongezeka hadi milimita 64, maana mapezi ya chini yamekatwa kwa makusudi kuipisha. Hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote: feni ya mbele inarudi kwenye boksi, ya katikati inabaki, RAM inapumua, kioo kinafunga. Niliijaribu kwanza. Baada ya kukiketisha upya kijiti kilichoinama hadi vibano vyake vikalia, mfumo ulisoma GB 64, na kazi ile ile ya nusu saa ilifika digrii 84, kioo kikiwa kimefungwa.

Digrii 84 si hatari. Hata hivyo sikuridhika, na sababu yangu ni ya Nairobi. Jiji hili liko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni karibu asilimia 80 tu ya lile la Mombasa. Feni inasukuma ujazo ule ule wa hewa, lakini hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo kila mzunguko unabeba joto pungufu. Tunachosaidiwa nacho ni baridi ya vyumba vyetu. Siku ile karakana yangu ilikuwa digrii 23, na Mombasa hupati chumba kama hicho bila kiyoyozi. Lakini studio yake ina kompyuta mbili, taa na watu wanne, na mchana wa Februari dirisha likifungwa kwa ajili ya kelele, chumba hicho hakibaki digrii 23. Joto la chumba likipanda kwa digrii sita, la prosesa hupanda kwa kiasi kama hicho, na tayari tunagonga 90. Feni ya pili ilikuwa na kazi yake, na nilitaka irudi.

Ufumbuzi ulikuja nilipoishika feni ya mbele mkononi na kuigeuza. Feni hiyo ni ya milimita 140, lakini matundu ya kuifungia yamepangwa kwa nafasi ile ile ya matundu ya feni ya milimita 120. Maana yake ni kwamba waya zilizokuja na kipoza zinaweza kushika feni ya 120 bila kukunjwa wala kuongezewa kitu. Feni ya 120 ni fupi kwa milimita 20. Ukisawazisha ukingo wake wa juu na ule wa feni iliyotoka, ukingo wake wa chini unapanda kwa milimita 20, na nafasi ya RAM inatoka 32 na kuwa 52. Tunahitaji 44. Zinabaki milimita nane, na kimo cha kipoza hakiongezeki hata milimita moja.

Sikutaka kuamini hesabu ya karatasi peke yake, kwa sababu ubao mama mmoja unaweza kutofautiana na mwingine kidogo. Nilikata kipande cha katoni upana wa milimita nne, nikamtuma kijana wangu Luthuli Avenue alete feni ya milimita 120 yenye unene wa 25 na plagi ya pini nne, nikaining'iniza kwa waya, kisha nikaishusha polepole hadi katoni ikapita kwa kusugua kati ya fremu na utepe wa taa. Hapo nikaacha. Feni ikawa imeshuka milimita nne chini ya ukingo wa juu, ambako inapuliza katikati zaidi ya mapezi, na ikawa imebakiza milimita nne juu ya RAM, zinazotosha mtetemo na zinazotosha kidole kubonyeza kibano siku ya kutoa kijiti. Mshale wa upepo kwenye fremu niliukagua mara mbili uelekee nyuma, kufuata feni ya katikati, kwani feni mbili zinazopigana ni mbaya kuliko feni moja.

Kuna jambo la kazi ya mikono ambalo napenda mafundi wenzangu walizingatie. Waya za kipoza hiki hukaza kwa nguvu, na mtu akizivuta kwa bisibisi karibu na RAM, siku itateleza. Nilivuta kwa vidole, upande wa ndani kwanza, huku nimefunika vijiti kwa kitambaa kikavu kilichokunjwa mara mbili. Kwa feni hiyo mpya nilitumia kichomekeo cha pili cha feni kwenye ubao mama badala ya kuiunganisha na ile ya katikati, ili kila moja isomeke kivyake na moja ikisimama mteja aone.

Kazi ya nusu saa, kioo kimefungwa, chumba digrii 23: prosesa ilisimama kwenye 80. Ni digrii moja tu juu ya ile ya mwanzo, ambapo ubavu mzima ulikuwa wazi, na ni nne chini ya feni moja. Usiku huo niliiacha na programu ya kupima kumbukumbu, MemTest86, ikazunguka mara nne bila kosa hata moja. Asubuhi nilimpigia. "Dada, njoo na kazi yako ile iliyokushinda," nilimwambia, akaja na diski yenye harusi ya Jumamosi iliyopita, na tukaitoa yote mbele yake, saa moja na dakika arobaini, bila kuzima.

Wakati wa kuiondoa nilimwonya juu ya usafiri. Kipoza hiki na feni zake za awali kina gramu 1,320, na uzito wote huo unaning'inia kwenye skrubu chache za ubao mama kompyuta inaposimama wima. Ndani ya matatu inayoruka matuta ni afadhali ilazwe, ubao mama ukiwa chini na kipoza kikiwa kimesimama juu yake. Aliilaza mapajani hadi River Road.

Wiki iliyopita alinipigia tena, safari hii akiwa dukani. Anataka kuongeza RAM hadi GB 128, na muuzaji alikuwa amempa vijiti vya GB 32 vyenye taa na kimo cha milimita 51. Nikamwambia kwamba nafasi yetu ya juu kabisa ni 52 na kwamba sitaki kuishi na milimita moja juu ya kitu kinachotetemeka. Akaomba vingine. Baada ya dakika chache nikapokea picha: kijiti cheusi kisicho na taa, kimelazwa kando ya rula ya shule, kikisoma milimita 34. Nikajumlisha. Feni ya zamani ya 140 ingehitaji kupandishwa milimita mbili tu, kimo kifike 167, na kasha linaruhusu 168. Nikamwuliza kama bado analo boksi la kipoza lenye ile feni iliyotolewa. Alisema liko juu ya kabati. Nikamwambia avichukue vijiti hivyo na Jumamosi aje nalo.